Themostati haiuoni moto

Mtu anayefunga themostati, kile kifaa cha ukutani cha kudhibiti joto, kwenye stovu ya peleti huwa na picha moja kichwani: ataweka namba 20, ataenda zake, na nyumba itabaki kwenye nyuzi 20 mpaka baridi iishe. Picha hiyo tumeizoea kwa hita za umeme na za gesi, ambazo huwaka sasa hivi na kuzimika sasa hivi. Stovu ya peleti ni kitu kingine. Ndani yake kuna moto wa mbao, moto hasa, unaochukua muda kukolea na muda mrefu zaidi kufa, na namba iliyo ukutani haiwezi kuubadilisha tabia. Nimepitisha misimu kadhaa ya baridi na stovu ya aina hii. Themostati ninaipenda, na sitaki kurudi kwenye maisha ya kuinuka kila mara kwenda kubonyeza vitufe. Lakini kati ya vitu hivi viwili, kinachopaswa kufundishwa mwendo wa mwenzake ni themostati, na watu wengi hujaribu kinyume chake.

Kwa ambaye hajawahi kukaa nayo: peleti ni vijiti vifupi vya unga wa mbao uliogandamizwa kwa nguvu kubwa, unene wa milimita 6 au zaidi kidogo. Kwa kawaida hakuna gundi inayotiwa. Kinachovishikanisha ni lignini ya mti wenyewe, ambayo hulainika kwa joto la mashine kisha ikaganda. Unavimimina kwenye hopa, yaani tangi la peleti lililo nyuma au juu ya stovu. Chini ya hopa kuna parafujo ndefu inayozungushwa na mota ndogo: inageuka kidogo, inasimama, inageuka tena, na kila ikigeuka inadondosha peleti chache kwenye bakuli la chuma lenye matundu. Feni moja inavuta moshi na kuupeleka nje, na kwa kuvuta huko inaingiza hewa safi chini ya moto. Feni ya pili inapuliza hewa ya chumbani kupitia vyuma vilivyopata moto. Bodi ya elektroniki ndiyo inayoamua nani afanye nini na wakati gani. Themostati haimo humo ndani kabisa. Iko ukutani, mita kadhaa kutoka hapo, na inaongea na bodi tu.

Sasa tuseme chumba kimepoa, na themostati imeita. Joto haliji. Kwanza feni ya moshi inaanza kuvuma, stovu inahakikisha kwamba mlango umefungwa na hewa inavutwa sawasawa. Kisha kiwashio, kijiti cha chuma au kauri chenye urefu wa kidole hivi, kinaanza kuiva pole pole nyuma ya bakuli. Parafujo inadondosha konzi ya peleti. Kwa dakika kadhaa huoni kitu isipokuwa moshi mweupe mzito unaojikunja nyuma ya kioo, na mgeni asiyejua ataanza kukutazama wewe usoni. Halafu mwali mmoja unaruka, moshi wote unatoweka kwa mkupuo, na peleti zinaanza kurukaruka ndani ya bakuli kwa nguvu ya hewa inayotoka chini. Hata hapo bodi haiamini bado. Inasubiri kihisi kilichopo kwenye njia ya moshi kithibitishe kwamba joto linapanda kweli, kwa sababu bila uthibitisho huo ingeendelea kumwaga peleti kwenye bakuli lililozimika. Feni ya kupuliza nayo inangoja vyuma vipate moto, isije ikakupulizia baridi. Tangu themostati iite mpaka uhisi hewa ya moto miguuni, dakika 10 hadi 20 zimepita, na kuta za chumba hazijasikia lolote.

Kuzima ni hadithi hiyo hiyo ikirudi nyuma, tena kwa uvivu zaidi. Themostati inasema inatosha. Parafujo inasimama, lakini peleti zilizomo kwenye bakuli zitaungua mpaka ziishe, na feni zote mbili zitaendelea kuzunguka mpaka stovu ipoe. Hiyo ni robo saa, wakati mwingine nusu saa. Muda wote huo stovu inaendelea kukipasha chumba ambacho tayari kimetosheka. Na hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji: stovu nyingi, zikishaanza kuzima, hazikubali kuwashwa tena mpaka zimalize mzunguko mzima wa kuzima. Themostati inaweza kubadili mawazo baada ya dakika 5 na kuita kwa sauti yote. Bodi itaiacha ingoje.

Weka muda huo wote pamoja utaona tatizo lilipo. Themostati za kidijitali nyingi zinatoka kiwandani zikiwa na pengo dogo sana kati ya kuwasha na kuzima, nusu nyuzi au chini ya hapo. Kwa boila ya gesi hilo ni jambo la kujivunia. Kwa stovu ya peleti ni balaa. Chumba kinafika nyuzi 20.3, themostati inakata, stovu inaendelea kutoa joto mpaka 21. Dirisha lina upepo nje, joto linashuka haraka, linafika 19.7 wakati stovu bado iko kwenye kupoa. Inamaliza kupoa, inaanza kuwaka, na kabla mwali haujapatikana chumba kiko 19. Kwenye karatasi ulinunua usahihi wa nusu nyuzi; chumbani una bembea ya nyuzi mbili, na juu yake stovu inayowashwa na kuzimwa mchana kutwa.

Kila kuwashwa kuna gharama. Kiwashio ndicho kinachochoka kwanza, kwa kuwa maisha yake yanahesabika zaidi kwa mara kilizowashwa kuliko kwa miaka. Katika dakika hizo za kuwasha stovu hula umeme wa wati 300 au zaidi, wakati ikishawaka inajitosheleza na wati 100 au pungufu. Na ule moshi mweupe niliouelezea ndio moshi mchafu kuliko wote ambao stovu hii itautoa siku hiyo. Moto ulioshika vizuri hauna moshi wa kuonekana. Anayetoka nje na kutazama bomba angedhani hakuna kitu kinachoungua. Masizi ya kwenye kioo na ndani ya bomba hutokana zaidi na kuanza, kumaliza, na ule moto mdogo uliodhoofika.

Kwa hiyo, jambo la kwanza kufanya ukishafunga themostati ni kuingia kwenye menyu yake na kupanua pengo. Nyuzi 1 ni kiwango cha chini ninachoweza kumshauri mtu. Mimi niko kwenye moja na nusu. Zile zisizo na namba ya pengo huwa na namba ya mizunguko kwa saa, na hapo chagua ndogo kuliko zote inayoruhusiwa. Watu wanaogopa kwamba nyuzi moja na nusu wataihisi. Wataihisi kidogo, ndiyo, lakini itakuwa nyuzi moja na nusu inayopanda na kushuka taratibu kwa saa kadhaa, na mwili hauna shida nayo. Kinachokera ni chumba kinachobadilika kila baada ya dakika 20.

Hii nadharia kwamba themostati ni kifaa cha vitu vinavyowaka papo hapo, kumbe historia yake yenyewe inaikanusha. Warren Johnson, aliyekuwa mwalimu wa chuo huko Whitewater, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, alipata hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, ya themostati yake ya umeme mwaka 1883. Kifaa chake hakikuwasha wala kuzima chochote. Kilipiga kengele chini kwa mtu wa tanuri la kupasha jengo joto, na yule mtu ndiye aliyekwenda kurekebisha moto. Miaka michache baadaye, Albert Butz wa Minneapolis akatengeneza kifaa kilichoinua na kuteremsha kifuniko cha hewa cha tanuri la makaa, moto ukapata hewa zaidi nyumba ikipoa na kunyimwa hewa ikipata joto; hataza yake ni ya 1886. Wote wawili walikuwa na moto halisi upande wa pili, na wote wawili walijua kwamba moto hauamriwi, unasukumwa tu upande huu au ule. Bodi ya stovu ya leo ndiyo yule mtu wa tanuri, na waya mbili zinazotoka ukutani ndizo kengele.

Waya mbili. Hapo panahitaji kusemwa jambo bila kuremba. Kwenye stovu nyingi, sehemu ya kuunganisha themostati ni vituo viwili vidogo nyuma ya bodi ambavyo vinataka kitu kimoja tu: kuunganishwa au kuachanishwa. Themostati hapo ni swichi isiyo na umeme wake. Umeme kidogo unaopita unatoka kwenye bodi yenyewe, volti chache, au volti 24 kwa baadhi ya stovu. Sasa kuna themostati zilizotengenezwa kwa hita za ukutani za umeme, ambazo hupitisha umeme mkubwa wa nyumba moja kwa moja. Kwa macho hazitofautiani sana na zile nyingine. Ukipeleka umeme wa nyumba kwenye vile vituo viwili, bodi inaungua hapo hapo, na bodi ndicho kipuri ghali kuliko vyote ndani ya stovu. Soma kitabu cha stovu, si cha themostati. Kama kimeandika kwamba kinataka mgusano mkavu, yaani swichi isiyoleta umeme wowote, amini neno hilo na utafute themostati inayoendana nalo. Na chomoa plagi kabla ya kufungua kifuniko, hili silifafanui.

Mara nyingi utakuta kipande kifupi cha waya tayari kimeunganisha vile vituo viwili. Hicho ndicho kinachoiambia stovu kwamba kuna mtu anataka joto siku zote. Themostati inachukua nafasi ya kipande hicho. Kihifadhi, kitabandike kwa gundi ya karatasi ndani ya kifuniko: siku themostati itakapoharibika usiku wa baridi kali, kile kipande ndicho kitakachorudisha moto.

Themostati za kisasa zinazoingia kwenye intaneti zina shida yake. Nyingi zinategemea waya wa tatu unaozilisha umeme muda wote, na stovu ya peleti kwa kawaida haina waya huo wa kutoa. Baadhi hujaribu kunyonya umeme kidogo kidogo kupitia zile waya mbili, na bodi ya stovu inatafsiri kunyonya huko kama wito. Matokeo yake ni stovu inayojiwasha saa nane za usiku bila sababu inayoeleweka, na mwenye nyumba anayeapa kwamba ina mashetani. Dawa yake ni transfoma ndogo ya pembeni kwa ajili ya themostati, na rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, katikati ili upande wa stovu ubaki swichi tupu. Au fanya kama mimi, tumia themostati ya kawaida ya betri. Sijaona faida kubwa ya kuwasha moto wa mbao kwa simu nikiwa mbali na nyumba, na nitaeleza mbele kwa nini.

Kuna stovu, hasa zinazotoka Ulaya, ambazo zina themostati yake ndani na ngazi za nguvu, tuseme moja hadi tano. Hizi zina akili zaidi. Zinapima umbali uliobaki mpaka namba uliyoweka, na zikikaribia zinajishusha zenyewe ngazi kwa ngazi, moto unakuwa mfupi, parafujo inazunguka kwa nadra. Ukishaifungia stovu kama hiyo themostati ya nje, mara nyingi unaipofusha: ile ya nje inasema ndiyo au hapana tu, na stovu inapoteza habari ya umbali. Kama kihisi cha ndani kinasoma vizuri, nadhani ni heri kukiacha kifanye kazi. Shida ni kwamba mara nyingi kiko nyuma ya stovu yenyewe, karibu na sakafu na ukuta, kinapima kile kipembe chake na si mahali mnapokaa. Baadhi ya hizi stovu zina waya mrefu wa kihisi uliokunjwa nyuma ambao hakuna aliyewahi kuukunjua. Ukunjue, upeleke mbali kidogo na chuma, na pengine hutahitaji kununua kitu chochote.

Kwa zile za swichi tupu, uchaguzi mkubwa ni wa namna mbili za kuitikia. Namna ya kwanza, themostati ikitosheka stovu inazima kabisa. Namna ya pili, ikitosheka stovu inashuka kwenye moto mdogo kuliko wote na kubaki hapo, ikingoja kuitwa tena. Watu hubishana juu ya hizi mbili kana kwamba moja ni ya haki. Kwangu mimi ni suala la hali ya hewa. Katikati ya baridi kali, nyumba inapoteza joto muda wote, na moto mdogo usiozimika ni bora: hakuna kuwasha upya, chumba hakipoi, na wito ukija moto unapanda ndani ya dakika moja au mbili. Majira yakilegea, moto mdogo huo huo unazidi mahitaji ya nyumba. Unakuta chumba kiko nyuzi 24, themostati imeshatosheka tangu alfajiri, na stovu inaendelea kula peleti kwa sababu haina ruhusa ya kuzima. Hapo ndipo namna ya kwanza inapostahili.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kilo moja ya peleti nzuri ina nishati ya kilowati-saa 4.6 hadi 5. Stovu ya kilowati 8 ikienda kwa nguvu zote inakula karibu kilo 2 kwa saa, na mfuko wa kilo 15 unaisha kabla ya kutimiza saa 8. Ikiwa kwenye moto mdogo inaweza kula kilo 0.6, na mfuko huo huo ukavuka saa 24. Yaani moto mdogo ni nafuu, lakini si bure, na siku ambayo nyumba haiuhitaji unachoma mfuko mzima kwa kupasha madirisha yaliyofunguliwa. Tena moto mdogo ukikaa siku nyingi mfululizo unachafua. Kioo kinakuwa cheusi, majivu yanaganda kwenye matundu ya bakuli yakawa donge gumu kama jiwe, hewa inapungua, moto unakuwa wa rangi ya chungwa iliyokolea na wenye ncha za moshi. Ninapouona moto wa namna hiyo ninaipandisha stovu juu kwa muda, ijisafishe, kisha ninaisafisha kwa mkono ikishapoa.

Mahali pa kuiweka themostati panaamua mengi kuliko aina yake. Kimo cha mita 1.5 hivi, ukuta wa ndani, pasipo jua, pasipo upepo wa mlango. Hayo yote yameandikwa kwenye kila boksi. Ambacho hakisisitizwi vya kutosha ni mstari wa macho: ukisimama mahali themostati ilipo na ukaona kioo cha stovu, basi na stovu inaiona themostati. Joto la mng'ao linasafiri moja kwa moja kutoka kwenye kioo mpaka kwenye kile kiplastiki bila kuhitaji kupasha hewa, na themostati itaridhika wakati hewa ya chumba bado ni baridi. Ihamishe pembeni, ukutani nyuma ya kona, chumba hicho hicho. Watu wengine wanaiweka chumba cha kulala cha mwisho wakitumaini kwamba stovu itapambana mpaka joto lifike huko. Stovu itapambana kweli. Sebule itafika nyuzi 28, mtu atafunga mlango wa chumba cha kulala, na wito hautakatika tena mpaka hopa iishe.

Halafu kuna tundu la waya. Waya unapopenya ukutani unaacha tundu nyuma ya themostati, na ndani ya ukuta mara nyingi kuna hewa baridi inayotembea. Hewa hiyo inatoka kwenye tundu na kuingia ndani ya kiboksi chenyewe, inakipulizia kihisi mgongoni. Themostati inasoma 17 katika chumba cha 20. Ukiwa na namba usizozielewa, ifungue, ziba tundu kwa putti, na usome tena baada ya saa moja, kabla hujalaumu chochote kingine.

Zile za kushika mkononi, zenye kihisi ndani ya rimoti, zinafurahisha mpaka siku ya kwanza inapozama kwenye kochi. Rimoti iliyolaliwa na mto inapima joto la mto na la mtu aliyelala juu yake. Inaona nyuzi 26 na kuizima stovu wakati wengine wote wanavuta blanketi. Rimoti iliyoachwa dirishani inafanya kinyume. Kwetu ina kishikio chake ukutani na sheria ni moja: ikitumika, irudi pale. Watoto wanaishika sheria hiyo kuliko wakubwa.

Na wakubwa wana lao jingine. Mtu anaingia kutoka nje, anatetemeka, anapandisha themostati mpaka 28 ili chumba kipate joto haraka. Kwa stovu ya swichi tupu hiyo ni kama kubonyeza kitufe cha lifti mara kumi: wito ni ule ule, moto ni ule ule, tofauti ni kwamba hautakatika kwenye 20. Nusu saa baadaye mtu yule yule anafungua dirisha. Kwa zile za ngazi, nakiri, namba kubwa inaifanya stovu ibaki kwenye ngazi ya tano badala ya kuanza kujishusha mapema, kwa hiyo yeye hakukosea kabisa. Ila hapo pia kuna kitufe cha nguvu kwa ajili hiyo.

Kushusha joto usiku ni swali ninaloulizwa kuliko yote. Wizara ya Nishati ya Marekani husema kwamba kushusha themostati kwa nyuzi 7 hadi 10 za Farenhaiti, takriban 4 hadi 5.5 za Selsiasi, kwa saa 8 kila siku kunaweza kuokoa hadi asilimia 10 ya gharama za joto kwa mwaka. Fizikia ya jambo hilo haina ubishi: nyumba iliyopoa inapoteza joto pungufu. Lakini ushauri huo unadhani kwamba chombo chako kina nguvu ya akiba ya kurudisha joto asubuhi. Stovu ya peleti ni chombo cha chumba kimoja kinacholazimishwa kuhudumia nyumba. Ukiiacha nyumba ishuke mpaka 15, hewa itarudi mapema kiasi, lakini kuta, sakafu na samani vitachukua asubuhi nzima, na muda wote huo stovu itakuwa inavuma kwa nguvu zote, sauti ya feni iko juu, na wewe una nyayo za barafu. Mimi nashusha nyuzi mbili, tatu usiku usio na upepo, na kipima saa cha themostati kinaanza kupandisha muda wa saa moja na nusu kabla watu hawajaamka. Wakati wa baridi ya kweli sishushi kabisa.

Kuna hili la kuweka akilini kila wakati: themostati haijui kama moto upo. Inaita tu. Bakuli likijaa majivu, kiwashio kikifunikwa, peleti zikiwa na unyevu, stovu itajaribu kuwaka, itashindwa, itaandika kosa kwenye skrini na kusimama, na themostati itaendelea kuita mpaka asubuhi. Ndiyo maana kujiendesha kwenyewe hakukupunguzii usafi. Kunauongeza, kwa kuwa stovu inayowaka mara tano kwa siku inahitaji bakuli safi mara tano. Tena mtu asimimine kwenye hopa bakuli lililojaa peleti zisizoungua wala kulazimisha kuwasha juu yake. Litoe, limwage kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko, anza upya. Umeme ukikatika, feni ya moshi inasimama na moto bado upo, na moshi unaweza kutafuta njia ya kuingia chumbani. King'ora cha kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, ni cha lazima katika nyumba yoyote yenye stovu hii, na usifungue mlango wa stovu kutazama.

Hapo ndipo ninapomalizia lile la simu. Nikiwa mbali ningeweza kuituma themostati ya intaneti iite, lakini nisingeweza kuona kama bakuli ni safi, kama kuna kitu kimeachwa kikikausha karibu na stovu, wala kama hopa ina kitu. Hopa ndiyo tatizo la msingi: hata kwenye moto mdogo itaisha ndani ya siku mbili tatu, na kuanzia hapo mabomba ya maji hayana mlinzi dhidi ya kuganda. Tukisafiri tunaizima stovu kwa utaratibu wake, si kwa kuchomoa plagi, tunasafisha bakuli, na nyumba inaachiwa hita ya umeme iliyowekwa kwenye nyuzi 8, ambayo nayo ina themostati yake na haihitaji mtu wa kuijaza.